Fimbo Iliyojua Kaskazini

Nikuulize wewe, kabla hujakaa vizuri. Ana kidole kimoja tu, wala hana macho. Mzungushe mara kumi, mfungie kabatini, mhamishe nyumba, ukimwachia atanyoosha kidole chake upande uleule alioonyesha jana. Lakini msogezee msumari mmoja tu, hapo hapo anasahau kwao. Ni nani huyo?

Usiniambie saa. Saa haitulii, na huyu wangu kazi yake ni kutulia.

Umeshindwa? Basi ni dira. Mimi mwenyewe shule yangu iliishia darasa la nne, dira niliiona kwenye picha ya kitabu, sindano ndani ya kikombe cha kioo. Siku hizi haina hata sindano. Ni kidude cheusi, kidogo kuliko punje ya mchele, kimebandikwa kwenye kibao kinachotosha juu ya kucha ya kidole gumba. Mjukuu wangu alikuwa nacho mezani kwetu, pale tunapokulia, na kwa wiki tatu nzima tulikula huku tukisogeza waya pembeni.

Mjukuu wangu ni fundi wa mizani za umeme. Baba yake, yaani mkwe wangu, ni fundi wa kusuka viti. Huyo baba yake haoni. Hajaona tangu akiwa kijana, kabla hajamwoa binti yangu, kwa hiyo hilo si jambo jipya na wala silo ninalosimulia. Ninachosimulia ni kama angeweza kuvuka uwanja peke yake ifikapo Jumatatu.

Nyumba yetu iko upande huu wa uwanja wa malori. Karakana anakosuka viti iko upande wa pili, geti la bluu. Katikati ni hatua mia mbili na sitini, nimezihesabu. Mtu asiyeona ukimpa ukuta, anafika. Ukimpa ukingo wa barabara, anafika. Uwanja hauna kitu. Udongo ni uleule, sauti ni ileile, na madereva wanaacha katikati wazi ili wapate pa kugeuzia. Ukipinda kidogo tu hujui kama umepinda.

Miaka ishirini na miwili binti yangu alimvusha. Hakumshika mkono. Mkwe ndiye aliyemshika yeye, kifundo cha mkono wa kushoto, pale penye bangili. Ilikuwa bangili ya sumaku, ya kijivu, wanayosema inatuliza maumivu ya viungo. Kama ilimsaidia sijui. Ninachojua ni kwamba akiosha vyombo, vijiko vilimng'ang'ania, naye akivibandua akisema, "Hawa nao wananipenda kuliko nyie." Alimfikisha mumewe getini, akarudi, akaendelea na shughuli zake. Jioni akamfuata.

Halafu akaugua, akalazwa hospitali siku tisa, akafa.

Nilihamia kwao siku hiyo na kibegi kimoja. Niseme nini kuhusu wiki zile? Tulipika, tukala, tukaosha. Bomba la jikoni lilikuwa linadondosha matone na hakuna aliyelikaza. Siku moja niliweka chumvi mara mbili kwenye chakula, tukakimaliza wote watatu bila mtu kusema.

Siku ya kugawa nguo zake niliuliza mbele ya watu, "Bangili ya mwanangu iko wapi?" Dada yake mkubwa naye anaumwa viungo, nikaona imfae. Watu wakaangaliana. Mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, mikono mapajani. Nikangoja, kisha nikaendelea kukunja magauni. Ila moyoni nilimwekea alama jirani yetu wa nyumba ya tatu, yule tunayemwita Mama Redio kwa kuwa habari zote zinaanzia kwake. Yeye ndiye aliyesaidia kufagia chumba. Tangu siku hiyo akinisalimia namjibu nusu nusu, na chai sikumkaribisha tena.

Wiki ya tano msimamizi wa karakana alikuja. Wanamwita Kipara, na kichwa chenyewe kinajieleza. Alikaa, akanywa maji, akapiga magoti yake kwa viganja.

"Mzee wangu," akamwambia mkwe, "nimekutunzia kiti chako kadiri nilivyoweza. Viti vya ile hoteli vimejaa mpaka mlangoni. Jumatatu ya wiki ijayo usipofika, nampa mwingine nafasi."

"Nimekusikia," mkwe akasema.

"Nitume mtu akufuate asubuhi?"

"Hapana."

"Kwa nini hapana?"

"Sitaki kushikwa."

Kipara akanitazama mimi. Mimi nikatazama bomba. Alipoondoka nikamwambia mkwe, "Baba, mimi magoti yangu ni mabovu, lakini hatua mia mbili na sitini naziweza."

"Najua unaziweza, mama."

"Basi?"

"Basi hivyo, mama."

Akainuka, akapapasa ukuta mpaka chumbani kwake. Kusuka viti ndicho kitu pekee alichokijua kufanya. Mtu huyo akikosa kile kiti chake cha karakanani, angebaki kwenye kiti cha mlangoni mpaka mwisho wake, nami nilishaanza kumwona anavyofanana nacho.

Ndipo mjukuu wangu aliposema, huku akilehemu waya, "Fimbo nitaimaliza Jumamosi, Baba." Fimbo yenyewe, aliyokuwa akimtengenezea baba yake ya kuvukia uwanja, ilikuwa ya alumini, ina mpini wa plastiki. Ndani, shubiri moja chini ya mpini, alikizika kile kibao. Unaegemea nguzo ya taa, unaelekeza fimbo kwenye geti, unabonyeza. Kuanzia hapo, ukipinda kulia inakutetemesha kidole gumba. Ukipinda kushoto, kidole cha shahada.

Alinieleza kwa subira, nami nikalitengeneza fumbo langu ili nisisahau. Wako watatu wanaishi chumba kimoja. Wa kwanza anajua chini ni wapi, basi, hajui kingine. Wa pili anahesabu kila ulivyogeuka, ni mwepesi kuliko wote, lakini kila dakika anakosea kidogo na makosa yake anayabeba, hayatui. Wa tatu ndiye wa sumaku, anayejua kaskazini. Yeye hasahau, ila akipita chuma anadanganyika. Peke yake kila mmoja ni mwongo kwa namna yake. Ukiwasikiliza wote pamoja unaupata ukweli.

"Nani anawasikiliza?" nikamuuliza.

"Hiki hapa, bibi." Akagusa kidude kingine. "Ni kompyuta, ila kichwa chake kidogo sana. Hesabu za watu wakubwa hazimwingii. Inabidi nimpe chache, fupi fupi."

"Kama mimi."

"Wewe unamzidi, bibi. Yeye hana vitendawili."

Kabla haijatembea, fimbo ilibidi ifundishwe. Hilo ndilo lililowachekesha majirani. Alisimama uani akiizungusha hewani, juu, chini, ubavu, akichora nane kubwa kama mtu anayefukuza nyuki polepole, huku kompyuta yake ya kubebea ikichora vidoti kwenye kioo. Vidoti vilitakiwa vitengeneze mpira, na katikati ya mpira iwe katikati kweli. Vyake vilitengeneza yai, tena yai lililosogea pembeni.

"Limeharibika?" nikauliza.

"Hapana. Ni betri na skrubu. Nazo zinaivuta sumaku. Lakini zenyewe zimekaa palepale siku zote, haziendi popote. Kwa hiyo napima zimevuta kiasi gani, nakitoa." Akaona sijaelewa. "Bibi, sokoni wakikupimia unga ndani ya bakuli, wanafanyaje?"

"Wanapima bakuli tupu kwanza."

"Basi. Betri ni bakuli."

Hapo nikaelewa. Alipomaliza hesabu yai likawa mpira, likarudi katikati. Akasema, "Tayari." Hakutabasamu, wala mimi. Nyumba nzima hakuna aliyekuwa na nguvu ya kutabasamu, tulikuwa tunafanya tu vitu.

Jumamosi asubuhi mkwe alivaa shati lake la mikono mirefu, akalifunga vifungo mpaka kwenye vifundo vya mikono ingawa jua lilishakuwa kali. Akaegemea nguzo, akabonyeza, akaenda. Mimi na mjukuu tulibaki nyuma. Hatua hamsini, sawa. Hatua mia, akaanza kwenda kushoto, taratibu, kama maji yanavyotafuta bondeni. Alipofika mwisho, hakuwa getini. Alikuwa amegusa turubai la lori kwa paji la uso.

Dereva akachungulia dirishani. "Mzee, unataka kuendesha?"

"Ukinipa funguo," mkwe akasema.

"Breki zake mbovu."

"Na macho yangu pia. Tutaelewana."

Dereva akacheka. Mkwe hakucheka. Mjukuu akaenda kumgeuza, bila kumshika, kwa sauti tu, "Huku, Baba. Huku."

"Ni malori," mjukuu alisema nyumbani. "Chuma kingi. Lakini niliiwekea sheria: ikisikia mvuto umezidi wa kawaida, isimsikilize wa sumaku, imfuate wa kugeuka mpaka mvuto upungue. Ilipaswa kuvumilia."

Jumapili malori ni machache. Tukarudi. Mkwe akaenda, akapinda kushoto vilevile, akaishia kwenye tope la bomba la kuoshea magari, viatu vikalowa. Mjukuu akachukua fimbo, akajifunga kitambaa machoni, akavuka mwenyewe. Alifika, akalikosa geti kwa hatua tatu tu. Nami nikasema nijaribu. Nilifumba macho, nikafika.

"Ulichungulia, bibi."

"Mara moja tu."

"Nilikuona mara nne."

Ikawa hivi: akishika mjukuu, inafika. Nikishika mimi, inafika. Akishika mwenyewe aliyetengenezewa, inapotea. Mkwe akasema, "Labda haitaki tu," akaenda kukaa kwenye kiti cha mlangoni. Ilikuwa saa nane mchana, Jumapili. Kesho yake ndiyo Jumatatu.

Mjukuu alichomeka fimbo kwenye kompyuta, maana ile akili ndogo inaandika ilichosikia njiani. Akasoma muda mrefu. Mimi nilikuwa nachambua mboga, najua nilikuwa nachambua kwa sababu baadaye nilikuta zimechambuliwa.

"Baba," akasema mwisho. "Ulipovuka wewe, haikumsikiliza wa sumaku hata mara moja. Tangu nguzo mpaka mwisho. Ilisema kuna chuma karibu, kwa hiyo ikamfuata wa kugeuka peke yake, na yeye ndiye aliyekupotosha kidogo kidogo."

"Malori," mkwe akasema.

"Lori ungelipita likabaki nyuma, Baba. Hiki kilikuwepo hatua ya kwanza na kilikuwepo hatua ya mwisho. Lori halitembei na mtu." Akamgeukia. "Una chuma gani mwilini?"

"Kifungo cha suruali."

"Mkanda?"

Akavua mkanda, akauweka mezani. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani. Mjukuu akaisogeza fimbo karibu na mkanda, akatazama kioo, akatikisa kichwa. Ufunguo vilevile. "Hivi ni vidogo. Kilichokuvuta ni sumaku hasa. Umevaa nini kingine?"

"Nguo."

"Baba."

"Nimekujibu, mwanangu. Nguo."

Bomba likadondosha. Nilimtazama mkwe, na yeye uso wake ulikuwa umeelekea mlangoni, mkono wa kushoto umeshika kifundo cha mkono wa kulia, juu ya shati, kama mtu anayejipima mapigo ya damu. Niliona. Nilikuwa nimeliona hilo shati wiki sita, kwenye joto lile, wala sikujiuliza. Ukifiwa macho yanaona tu, hayakuletei habari.

Ndipo yeye akauliza, polepole, "Hiyo betri uliyosema. Nayo inavuta?"

"Inavuta."

"Lakini haikupotezi."

"Kwa sababu haisogei. Imefungwa palepale kwenye fimbo, nimeshaihesabu. Kitu kinachokwenda mbele na nyuma ndicho siwezi, maana kila nikikipima kimeshahama."

"Kwa hiyo hata kikiwa sumaku. Kikifungwa palepale, kisisogee kabisa."

"Hata kikiwa sumaku, kisiwe kikubwa mno. Naifundisha fimbo upya, basi. Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

Mjukuu akafungua mdomo. Nikamgusa mguu chini ya meza, akaufunga.

Jioni, jua bado lipo, mkwe aliniomba beseni la maji. Akatoa chini ya kitanda chake kifungu cha henzerani, zile fito laini anazosukia viti, akaziloweka. Akakaa kizingitini na fimbo magotini.

"Mpini unateleza," akasema, bila mtu kumuuliza.

"Plastiki hiyo," nikasema.

Alisuka mpaka giza likaanza kuingia. Wiki sita vidole vile vilikuwa vimelala, sasa vilikwenda vyenyewe, juu, chini, vuta, juu, chini, vuta. Alinipa mgongo. Sikusogea kuona. Nilikaza bomba. Nilitumia koleo la mjukuu, nikaligeuza mara moja, likaacha kudondosha, na ukimya wake ulikuwa mkubwa hata nikajuta kidogo.

Jumatatu alfajiri fimbo ilikuwa juu ya meza. Mpini ulikuwa mnene, umesukwa kwa ule msuko wa viti, mkavu, umekaza. Upande wa chini ulitokeza kidogo, kama kifundo cha mkono. Shati la mkwe mikono ilikuwa imekunjwa mpaka kwenye viwiko.

Mjukuu aliinua fimbo, akachomeka waya, akatazama kioo. Nikaona nyusi zimepanda. Akautazama mpini, akanitazama mimi. Mimi nikamimina chai.

"Baba, itabidi niifundishe upya."

"Ifundishe."

Akatoka nayo uani, akachora zile nane zake, juu, chini, ubavu. Nilimfuata na kikombe. Kwenye kioo, vidoti vilikuja upya, na ule mpira ulikuwa umesogea mbali sana, umebanwa pembeni kabisa kama mtoto anayelala ukingoni mwa kitanda ili wengine wapate nafasi.

"Umeenda mbali," nikasema.

"Mbali. Lakini haujatoka nje, na unakaa palepale. Tazama, bibi." Akageuza fimbo, akaitikisa, akaipiga kwenye kiganja. Mpira haukuhama. "Umefungwa kisawasawa. Mimi nisingeweza kufunga hivi kwa gundi." Akaandika namba tatu, akabonyeza. Mpira ukarudi katikati. Akailaza fimbo mezani, akaniambia tusiiguse mpaka tuhesabu kumi, ili yule wa kugeuka ajue kwanza kutulia kukoje. Tulihesabu wote watatu, kwa sauti ya chini. Ni kitu cha kwanza tulichofanya pamoja tangu maziko.

Uwanjani malori yalikuwa yamejaa, asubuhi ya Jumatatu ndivyo ilivyo. Mama Redio alikuwa anafagia mbele ya nyumba yake, akatusalimia, mimi nikajibu nusu. Mkwe akaegemea nguzo. Mjukuu akamwelekezea fimbo, akatoa mkono wake haraka.

"Bonyeza, Baba."

Akabonyeza. Akaenda.

Mimi nilimfuata hatua kumi nyuma, magoti yakilia. Mjukuu alibaki kwenye nguzo. Alisema hawezi kutazama karibu. Hatua hamsini. Hatua mia. Lori moja likapita mbele, mkwe akasimama, likaondoka, fimbo ikamgusa kidole gumba, nikaona kikishtuka, akajirudi kidogo kushoto, akaendelea. Yule dereva wa juzi akapiga honi fupi. "Mzee, leo hunitaki?" Mkwe akainua mkono mtupu bila kugeuka. Hatua mia mbili. Sikuwa na furaha wala hofu, nilikuwa nahesabu. Ukiniuliza nilihisi nini, nitakwambia nilihisi mia mbili na thelathini, mia mbili na arobaini.

Mia mbili hamsini na nane, mkono wake ukagonga chuma. Akapapasa. Akalipata komeo, akazishika nondo zake, akajua ni geti. Ndani Kipara alikuwa anamwita mtu alete viti viwili nje, akamwona, akasema tu, "Umechelewa dakika tano, ingia," kisha akarudi ndani.

Mkwe hakuingia. Alisimama, fimbo mkononi, akasubiri pumzi yangu ifike.

"Mama, uko nyuma yangu?"

"Niko, baba."

"Siku ile ya nguo. Ulipouliza."

"Ndiyo."

"Nilikusikia."

"Najua ulinisikia."

Akageuza fimbo, akaninyooshea mpini. Nikauweka mkono wangu juu ya ule msuko, pale panapotokeza. Ulikuwa na joto la kiganja chake.

"Nilikuwa nayo mimi, mama," akasema. "Tangu hospitali."